Je, wajua kwa nini watu wenye sindromu ya Down sasa wanafika miaka 60?

Mwaka 1983 nchini Marekani, mtu mwenye sindromu ya Down aliishi kwa wastani miaka 25 hivi. Leo wastani huo unakaribia 60. Chembe za mwili wake hazijabadilika: bado zina kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 47 badala ya 46, ile ya 21 ikiwa tatu badala ya mbili, kama mtafiti Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walivyoonyesha huko Paris mwaka 1959. Dawa ya kuiondoa hiyo ya tatu haipo. Sasa miaka hiyo yote imetoka wapi?

Sehemu kubwa imetoka kwenye moyo. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na iliyo ya kwao hasa ni tundu la katikati kabisa, pale kuta za vyumba vinne zinapokutana. Damu ya upande wa kushoto, yenye msukumo mkubwa, hupenya kulia na kuyafurika mapafu. Mishipa ya mapafu nayo hujihami kwa kuwa minene na migumu. Ikishakomaa hivyo, kuziba tundu hakusaidii tena, na huenda kukamuua mtoto. Ndiyo maana madaktari hutaka upasuaji ufanyike mapema, mara nyingi kabla hajatimiza miezi 6.

Zamani, hata palipokuwa na wapasuaji hodari, wengi wao walikataa kuwagusa watoto hawa wakiona ni kazi bure. Watoto wengi walifungiwa kwenye majumba ya walemavu, wakafa kwa nimonia.

Tanzania ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, jijini Dar es Salaam, inayopasua mioyo ya watoto. Tabu ni kufika kwa wakati. Duniani hali hii humpata takriban mtoto 1 kati ya 1,000 wanaozaliwa, hivyo mkunga wa zahanati ndogo anaweza kumaliza mwaka bila kumpokea hata mmoja. Akimpokea, mara nyingi mtoto huyo huishia kuitwa mwenye mtindio wa ubongo, jina ambalo siku hizi limekuwa kapu la kutupia kila kitu, na moyo haukumbukwi. Kusikiliza kifua hakutoshi, kwa sababu wiki za kwanza moyo wenye tundu unaweza kusikika safi kabisa. Kipimo ni eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Anayeona mambo mapema ni mama: mtoto anatoka jasho akinyonya, anachoka na kuachia titi kila mara, uzito hauongezeki.

Uzee nao umekuja na lake. Kromosomu ya 21 ndiyo inayobeba jeni ya protini inayozalisha utando wa ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu polepole, na mwenye kromosomu za 21 tatu huizalisha kupita kiasi. Akifika miaka 40, ubongo wake huwa na utando huo karibu kila mara; kusahau huanza kuonekana kwenye miaka ya 50. Lakini kabla ya kuilaumu Alzheimer, apimwe damu. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, hulegea mara nyingi kwa watu hawa, na ikilegea mtu huwa mzito, hujitenga na kusahausahau vilevile. Hiyo hutibiwa kwa kidonge kimoja kila siku.