Tairi za mbele nyembamba, za nyuma pana: gari la umeme lina nini?

Kwa fundi wa panchari pale Mwembe Tayari, Mombasa, nilimkuta mzee mmoja amesimama kando ya gari lake la umeme, Volkswagen ID.4, uso umemkunjamana. Kijana wa panchari alikuwa amechutama, anasoma namba ubavuni mwa tairi. Mbele: 235/55 R19. Nyuma: 255/50 R19. "Ami, hapa umeuziwa tairi za gari mbili," akamwambia.

Hakuuziwa. Ndivyo gari lilivyotoka kiwandani.

Ile 235 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 55 si milimita. Ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kwa asilimia ya huo upana. 19 ni rimu, kwa inchi. Ukipiga hesabu, ubavu wa tairi ya mbele unatoka kama milimita 129, wa nyuma 127 na nusu. Kwa hivyo tairi zote zina urefu mmoja karibu sawasawa, na tofauti iko kwenye upana tu, sentimita 2. Ukitazama gari kwa ubavuni huoni kitu. Mpaka uchutame kama yule kijana.

Sababu kubwa ni mahali mota ilipo. Katika ID.4 yenye mota moja, mota imekaa nyuma, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari. Injini ya petroli hujikusanya kwanza, ingurume, ndipo nguvu ije. Mota ya umeme haina subira hiyo: ukikanyaga tu, nguvu yake ya kuzungusha inafika papo hapo. Sasa kumbuka matatu inapochomoka stejini, vichwa vya abiria vyote vinalala nyuma. Uzito wa gari nao hufanya vivyo hivyo, unaegemea nyuma. Tairi za nyuma basi zinabeba zaidi na kusukuma kwa wakati mmoja, mbali na uzito wa betri uliopo tangu mwanzo. Mpira mwingi zaidi unastahimili mzigo na joto hilo bila kuteleza ovyo.

Kwa nini basi zote nne zisiwe pana? Tairi pana inakata upepo vibaya na huwa nzito kuvingirika, na kwenye gari la umeme hizo ni kilomita unazopoteza kabla ya kuchaji tena. Tairi ya mbele nayo lazima ipate nafasi ya kukata kona bila kugusa bodi. Tena kuna usalama: barabara ikiwa na maji, heri mbele iteleze kwanza, maana dereva wa kawaida atapunguza mwendo, kuliko nyuma iteleze gari lizunguke kama pia.

Si magari yote ya umeme yako hivyo. Nissan Leaf, inayovutwa na magurudumu ya mbele, hutumia tairi nne sawa. Wala umeme haukubuni jambo hili. Porsche 911 ya petroli imekuwa nalo miaka mingi. Porsche Taycan, ya umeme, yenye rimu za inchi 20 huvaa 245 mbele na 285 nyuma, na hapo hata mtoto ataona.

Tabu ni mfukoni. Ile desturi yetu ya kuhamisha tairi za mbele ziende nyuma ili ziishe pamoja haiwezekani tena. Za nyuma zikiisha, na mara nyingi ndizo huanza kuisha, unanunua mbili za saizi ile ile. Ukienda kutafuta za mtumba, nenda na namba zote mbili zimeandikwa. Usiseme tu "inchi kumi na tisa", utapewa yoyote iliyo karibu.

Yule kijana alitoa chaki mfukoni, akaandika M kwenye tairi mbili na N kwenye mbili. Mzee akauliza N ni nini. "Nyuma, ami. Nisije nikakosea mimi mwenyewe."