Elimu kwa Umma: Kwa Nini Mswada Wako wa Mchezo wa Kuigiza Umerudishwa

Walimu walezi wa vikundi vya maigizo na viongozi wa vikundi vya vijana hapa Dar es Salaam wamekuwa wakilalamika kwamba miswada yao inarudishwa mara mbili, hata mara tatu. Malalamiko hayo tumeyapokea sisi tunaoisoma na kuirudisha miswada hiyo. Hata hivyo, uvumi kwamba kila mswada unaorudishwa umegusa siasa au maadili hauna msingi. Mingi hurudishwa kwa sababu ni mazungumzo yaliyopangwa kwa majina ya wahusika, wala haijawa mchezo wa kuigiza.

Kinachokosekana ni mgogoro. Lazima awepo mtu anayetaka kitu, kiwepo cha kumzuia, na kiwepo atakachopoteza akikikosa. Mswada wenye mawili kati ya hayo matatu haujatimia.

Tazama ufunguzi wa aina hii, ambao tunaupata kila msimu. Baba anamwambia mkewe: "Kama unavyojua mke wangu, tuna watoto watatu, tunakaa chumba kimoja hapa Tandika, na kodi inaisha Ijumaa." Mke anayajua yote hayo. Anayeambiwa ni hadhira, na hadhira inalibaini hilo papo hapo. Sasa ligeuze. Mwenye nyumba anaingia bila hodi, anakwenda moja kwa moja kwenye kalenda ya ukutani, anaweka kidole juu ya Ijumaa. "Miezi sita, kama kawaida. Kuna mtu wa Mbagala keshaleta za mwaka mzima." Baba anaisukuma redio kwa mguu, inaingia chini ya kitanda. Kodi tumeijua, haraka tumeiona, na tumejua kuwa kuna mali anayoogopa isichukuliwe. Hakuna aliyetuhutubia.

Kuhusu muundo, mpangilio unaofundishwa zaidi ni ule wa Mjerumani Gustav Freytag wa mwaka 1863: utangulizi, kupanda kwa mgogoro, kilele, kushuka, na hatima. Ukurasa mmoja wa A4 uliochapwa kwa kuacha nafasi kati ya mistari huchukua takribani dakika moja jukwaani. Kwa hiyo mchezo wa dakika 40 una kurasa 40 hivi, na mgogoro unatakiwa uwe umeshaanza kufikia ukurasa wa 5. Miswada mingi hufika ukurasa wa 15 wahusika wakiwa bado wanasalimiana.

Kilele nacho kinaeleweka vibaya sana. Wengi hudhani ni mahali penye kelele nyingi, basi hukiweka ukurasa wa mwisho. Kilele ni pale mhusika mkuu anapofika asipoweza kurudi nyuma. Katika Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, Kaizari anauawa katika tendo la tatu, onyesho la kwanza, na mchezo una matendo matano. Karibu nusu nzima inayobaki ni kuwaonyesha waliomuua wakilipia walichokifanya. Mchezo mfupi unaweza kukichelewesha hadi ukurasa wa 25 au 32, lakini kikiwa ukurasa wa 39, hatima haina nafasi. Matokeo yake mwandishi hulazimika kumleta mjomba kutoka Ulaya na mkoba wa fedha. Mwanafalsafa wa Kigiriki, Aristotle, alilikemea jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: utatuzi utoke ndani ya matukio yenyewe.

Tunaomba pia neno "tanzia" lisiandikwe kwenye jalada kwa sababu tu kuna msiba ndani. Mhusika akigongwa na bodaboda, hiyo ni ajali ya kuhuzunisha. Tanzia inataka anguko lichipuke kwenye uamuzi au dosari ya mhusika mwenyewe. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein ni mfano mzuri: neno alilolitoa mhusika mkuu mwenyewe, kwamba maji yatawakinga wapiganaji na risasi, linawaunganisha watu, kisha linamzidi nguvu, na mwishoni anakataa kulikana ijapokuwa kukataa huko ni kifo. Mchezo huo ni wa kihistoria vilevile, maana umejengwa juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mchezo mmoja unaweza kubeba aina mbili.

Ramsa, yaani komedi, huwapitisha watu kwenye matatizo na kuwafikisha kwenye suluhu. Kichekesho hutegemea vituko, mavazi na watu kudhaniwa sivyo. Melodrama huwagawa wahusika kuwa wema kabisa na waovu kabisa, ikakazania kuwaliza watazamaji. Huzuni na kicheko vikichanganyika kwa uzito, ni tanzia-ramsa.

Maelekezo ya jukwaani yaandikwe kwa wakati uliopo, ndani ya mabano, na yawe yanatendeka. "Anamkumbuka marehemu mama yake" haliigiziki. "Anakunja khanga ya mama yake, anairudisha sandukuni" linaigizika.

Mwisho, ruhusa. Kununua kitabu dukani hakukupi haki ya kukiigiza hadharani, na kutotoza kiingilio peke yake hakukuondolei wajibu wa kuomba ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Tafsiri ina ulinzi wake. Shakespeare alifariki 1616, maandishi yake ni huru; Mwalimu Nyerere alifariki 1999, hivyo tafsiri zake bado zinalindwa. Anayekiuka anaweza kudaiwa fidia na mwenye haki, na akishtakiwa anaweza kukabiliwa na faini au kifungo. Mwandikieni mwenye haki, au warithi wake, au mchapishaji, kabla ya mazoezi kuanza. Barua itaje jina la mchezo, tarehe, ukumbi, idadi ya maonyesho, kiingilio kama kipo, na sehemu zozote mnazokusudia kupunguza au kubadili. Ombeni jibu la maandishi. Ruhusa ya simu haiwezi kuambatishwa kwenye mswada.