Mizani ya Pamba Katika Historia ya Mwanza

Wanafunzi wanaotembelea chumba chetu cha kumbukumbu hapa Mwanza huulizwa kwanza wanajua nini kuhusu historia ya mkoa wao, na karibu wote hutaja tarehe 3 Agosti 1858, siku ambayo Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa na kulipa jina la malkia wake. Tarehe hiyo ni sahihi, ingawa ziwa lilikuwa tayari na jina, Nyanza, na mitumbwi ilikuwa ikilikata tangu enzi za mababu. Kwa maoni yangu, ziara ile haikugusa maisha ya wakazi wa mwambao huu kwa kiwango ambacho pamba iliyagusa baadaye, na ndani ya habari ya pamba kuna chombo kimoja kinachostahili kuelezwa kwa kirefu: mizani.

Kilimo cha pamba ya kuuza kilianza wakati wa Wajerumani, kikashamiri chini ya Waingereza, ambao majeshi yao yaliuteka mji Julai 1916. Mwanzoni mzigo ulipakiwa melini hadi Kisumu, ambako reli ilikuwa imefika tangu mwaka 1901, ukaendelea hadi Mombasa. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, pamba ikapata njia ya kwenda Dar es Salaam bila kuvuka ziwa.

Njia ilibadilika, lakini mahali pa kuuzia palibaki vilevile. Mkulima alifika akiwa ameshatenga pamba safi na pamba fifi, yaani ile ya daraja la chini, gunia likatundikwa, na aliyesoma mshale na kutaja ratili, yaani uzito kwa pauni, alikuwa ni yule yule anayenunua. Ratili chache zikipunjwa katika kila gunia, familia ilipoteza sehemu ya jasho la msimu mzima pasipo ushahidi wowote mkononi. Ndiyo maana, kuelekea miaka ya 1950, wakulima walianza kuweka mizani yao wenyewe kando ya ile ya mnunuzi, ili kila gunia lipimwe kwanza na mtu wao.

Kutokana na mizani hizo kilizaliwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, kikiongozwa na Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kama Victoria Federation, wenye mamia ya vyama vya msingi chini yake. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa imeizuia TANU kufanya shughuli zake Usukumani tangu mwaka 1954, kwa hiyo si ajabu kwamba watu walijifunza kuendesha mikutano, kuchagua viongozi na kukagua hesabu katika vyama vya pamba. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walipoandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya la watu wa rangi mbalimbali walilowekewa bila ridhaa yao, kupangana lilikuwa jambo walilolizoea. Bomani mwenyewe alikuwa Waziri wa Fedha kufikia mwaka 1962.

Nyaraka za ngazi ya kijiji ndizo chache zaidi katika makabati yetu. Familia yenye stakabadhi za zamani za pamba au daftari la chama cha msingi inaombwa isizichome wakati wa kusafisha nyumba. Tutazinakili na kuzirudisha.