Kuzima printa ya mabango kwenye soketi ya ukutani hakulindi hedi

"Ijumaa jioni zima kila kitu ukutani, printa ipumzike, hedi itadumu." Ushauri huu umezoeleka kwenye karakana za mabango, na kwa kweli unaniuma, maana hedi, yaani kichwa cha printa kinachorusha wino, ni kifaa cha bei kubwa.

Hedi haichoki kama injini. Adui yake ni kukauka. Tundu la nozeli, pale wino unapotokea kwenye hedi, lina upana wa takriban maikromita 20, jembamba kuliko unywele. Kiyeyushi, yaani kimiminika cha wino, kikishavukizwa, rangi na gundi yake hubaki humo kama ukoko wa ugali sufuriani. Ndiyo maana printa nyingi za wino wa ekosolventi (wenye kiyeyushi kisicho kikali sana) zimeundwa kukaa kwenye umeme hata zisipochapa: kila baada ya muda huamka zenyewe, hufyonza wino kidogo, kisha hulala tena. Ukizima ukutani, kazi hiyo haifanyiki.

Umeme ukikatika katikati ya bango ndiyo balaa zaidi, kwani hedi hubaki wazi, mbali na kifuniko chake. Betri ya akiba inayokupa dakika chache za kuirudisha mahali pake si anasa.

Kifuniko chenyewe kimulike kwa tochi. Ukingo wa mpira ukiwa na wino mzito kama lami, hauzibi tena. Ufute taratibu kwa kijiti cha sponji na dawa iliyoidhinishwa na mtengenezaji. Pamba ya masikio iache, huacha nyuzi.