Hilux iliyokata pumzi mlima wa Kalinzi

Gari likizima moja kwa moja, kazi yangu ni rahisi. Linaloniumiza kichwa ni lile linalougua barabarani, halafu likifika gereji linapona.

Mzee mmoja wa Kalinzi aliniletea Hilux yake hapa Mwanga, Kigoma, pikapu ya zamani yenye injini ya dizeli aina ya 3L, ile ya cc 2,779 isiyo na tabochaja, kifaa cha kusukumia hewa ya ziada ndani ya injini. Haina kompyuta, kwa hiyo hakuna mashine ya kuchomeka ikakwambia tatizo ni namba fulani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hili gari lina mapepo."

Nikamwomba anieleze hayo mapepo yanapanda saa ngapi. Akasema anapakia saruji mjini, mifuko 20, anafika Mwandiga bila shida yoyote. Akishaanza kupanda mlima, gari linalegea. Anashuka gia ya tatu, anashuka ya pili, linazidi kulegea mpaka linasimama huku linatetemeka. Anavuta handibreki, utingo anaweka jiwe nyuma ya tairi, yeye anavuta sigara. Sigara ikiisha anawasha, gari linapanda kama limetoka bandarini jana. Baada ya kilomita chache, yaleyale. Akirudi na mikungu ya ndizi, mteremko mtupu, halimsumbui hata kidogo.

Alikuwa ameshapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha filta ya dizeli na kupima nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini. Wa pili alisema pampu imekufa, na mzee akaagiza pampu ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Alikuja nayo kwenye kiroba, nimfungie tu. Siwalaumu sana hao wenzangu. Wote wawili walilijaribu gari likiwa tupu, Mwanga mpaka Ujiji, njia ambayo hata mgonjwa wa kweli angeimaliza.

Kabla ya kushika spana nilimuuliza moshi. Linapolegea, linatoa moshi gani? Akafikiri, akamwita utingo, ambaye ndiye hukaa nyuma na kuuona. Utingo akasema hakuna moshi.

Jibu hilo lilinifaa kuliko vifaa vyote nilivyonavyo. Injini ya dizeli ikikosa hewa, kwa filta ya hewa iliyoziba kwa mfano, inatoa moshi mweusi kwa sababu mafuta yanaingia mengi kuliko yanavyoweza kuungua. Ikilegea bila moshi, mafuta hayafiki. Nilimuuliza pia kama linazima ghafla, kama mtu aliyebonyeza swichi. Hapana, linaishiwa polepole. Basi nikauacha kando ule waya wa soleinoidi inayokata mafuta kwenye pampu, maana waya ukilegea injini hufa palepale. Klachi haitelezi, resi haipandi peke yake. Ringi za magurudumu nilizishika, hazikuwa na joto la breki inayobana. Na kama unawaza mwinuko, ni kweli injini isiyo na tabochaja hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila unapopanda mita 100, na huku tunaanzia ziwani, kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Lakini hewa nyepesi haisubiri uvute sigara ndipo irudi kuwa nzito.

Hapo kwenye sigara ndipo palipokuwa na jibu. Kitu kinachopona chenyewe injini ikizimwa mara nyingi ni kitu kinachosogea.

Katika Hilux hizi hakuna pampu ya umeme ndani ya tenki. Pampu ya dizeli iliyo mbele kwenye injini ndiyo inayovuta yenyewe, kupitia bomba, mipira na filta. Na inavuta mengi kuliko yanayochomwa. Yanayobaki yanaipoza pampu, yanailainisha, kisha yanarudi tenki kwa bomba la pili. Kadiri injini inavyozunguka kwa kasi ndivyo uvutaji unavyoongezeka. Mtu anayepanda mlima na tani moja mgongoni, gia ya pili, resi juu, ananyonya kwa nguvu zake zote. Njia ikiwa na kizuizi, hapo ndipo inapobana. Ukizima, uvutaji unakoma na kilichoganda mdomoni mwa bomba kinaachia. Ukiendelea kuliendesha hivyo kwa muda mrefu, pampu inayokaushwa mafuta inaharibika kweli, na yule fundi wa pili ataonekana alisema sawa.

Nilibonyeza kile kipampu cha mkono juu ya filta. Kilishuka, lakini kurudi juu kilijivuta kama mlango wenye kutu. Hiyo ni dalili kwamba nyuma yake kuna kizuizi, ila dalili bado si ushahidi.

Ushahidi niliupata kwa dumu la lita tano. Nililijaza dizeli safi, nikalifunga kamba kwenye keria juu ya kabini, mbali na ekzosi. Nikachomoa mpira unaotoka tenki pale unapoingia kwenye filta, nikaweka mpira mrefu kutoka kwenye dumu. Wengi wanaishia hapo, kisha wanashangaa dumu limekauka kabla hawajatoka mjini. Mpira wa kurudisha nao lazima uingie kwenye dumu, la sivyo unahamishia dizeli yako tenki. Na tafadhali, usifanye hivi kwa gari la petroli. Mvuke wa petroli hauna utani.

Tukapakia saruji ileile, mifuko 20. Fundi akijaribu gari bila mzigo uliolitesa amefanya matembezi. Tulipita Mwandiga, tukaanza kupanda. Mzee alishika usukani kimya, mimi nikiangalia dumu kwa dirishani. Tulipita mahali pake pa kwanza pa sigara, tukapita pa pili. Tukafika Kalinzi. Mzee akasema, "Sasa mapepo yameenda wapi?" Nikamwambia yako tenki.

Pampu ilikuwa nzima, na nozeli nazo, na ile filta mpya. Zote zilikuwa kwenye njia wakati tunapanda kwa dumu. Kilichorukwa ni tenki na mipira yake tu.

Tulishusha tenki kesho yake. Kulikuwa na maji kidogo, udongo, ule utelezi mweusi unaoota dizeli ikikaa na maji, na kipande cha nailoni ukubwa wa kiganja. Huku mafuta yakinunuliwa kwa madumu, watu huweka nailoni mdomoni mwa dumu kabla ya kufunga kifuniko ili lisivuje. Siku moja kipande kilichanika na kuingia na dizeli. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini huyu alikuwa amejificha pasipokaguliwa.

Utingo hakuamini. Akasema nailoni inaelea, ingefikaje chini kwenye bomba? Nikakata kipande, nikakitia kwenye chupa ya dizeli. Kilishuka taratibu mpaka chini. Inaelea majini, ila dizeli ni nyepesi kuliko maji, na nyepesi kuliko nailoni pia. Kinakaa sakafuni mwa tenki, palepale bomba linaponyonya.

Nilisafisha tenki, nikabadilisha mipira miwili iliyokuwa imelainika (mpira laini hujibana wenyewe ukinyonywa), nikafunga. Mzee akaondoka anacheka.

Baada ya siku tisa akarudi, hacheki. Gari linalegea tena. Nikauliza, mlimani? Hapana, safari hii hata tambarare, njia ya Uvinza, tupu, baada ya kama dakika arobaini. Huo ulikuwa ugonjwa mwingine. Wa kwanza ulifuata mzigo, huu ulifuata muda. Nilimwambia aendeshe mpaka lilegee, asizime, afungue mfuniko wa tenki. Akanipigia simu kutoka Kidahwe: "Limefanya fyuuu, halafu nguvu zimerudi."

Kosa lilikuwa langu. Nilipopandisha tenki niliubana mpira wa pumzi kati ya tenki na chesisi. Mfuniko wake si ule wa asili, hauna tundu la kuingiza hewa, kwa hiyo tenki lilikuwa linafyonzwa bila kupumua. Kazi ya dakika kumi na tano, na sikumtoza kitu. Chai nilinunua mimi.

Ile pampu ya mtumba bado iko kwenye rafu yangu, ndani ya kiroba chake. Mzee ameniomba nimtafutie mnunuzi. Wiki hii wamekuja wawili, na wote nimewauliza kwanza gari linatoa moshi gani. Mmoja hakujua, akaondoka kwenda kuangalia.