Mtoto Anayesomea Nyumbani na Timu ya Shule: Nani Anamthibitisha?

Kila mwaka, wiki chache kabla ya msimu wa michezo ya shule kufunguliwa nchini Marekani, sisi tunaoshughulikia usajili wa wachezaji vijana huulizwa swali lile lile na wazazi wanaowasomesha watoto wao wenyewe nyumbani: je, mwanangu anaweza kuchezea timu ya shule ya umma iliyo karibu nasi, ilhali hajaandikishwa katika shule hiyo? Jibu hutegemea jimbo mnamoishi, na mara nyingine wilaya ya shule ndani ya jimbo hilo. Elimu ya nyumbani imekuwa halali katika majimbo yote 50 tangu mwaka 1993, lakini haki ya kumsomesha mtoto nyumbani haimpi mtoto huyo haki ya kuvaa jezi ya shule. Mahakama zimelitamka jambo hili zaidi ya mara moja, ikiwa ni pamoja na New York mwaka 1996 na Michigan mwaka 2004, pale zilipokataa hoja kwamba kushiriki michezo ya shule ni haki ambayo mtoto asiyeandikishwa anaweza kuidai.

Ili kuzielewa kanuni hizi, ni vyema kwanza kuangalia kazi ambayo shule huifanya bila kuonekana. Mwanafunzi wa kawaida anapoingia uwanjani, shule yake imekwisha kumdhamini: imethibitisha umri wake, anwani yake, alama zake, na ukweli kwamba hajarudia darasa kwa makusudi ili apate mwaka mmoja zaidi wa kucheza. Kwa mtoto anayesomea nyumbani, anayetoa alama ni mzazi, na mzazi huyo huyo ndiye anayetamani kumwona mwanawe akicheza Ijumaa usiku. Sisemi kwamba wazazi ni waongo; wengi niliowahudumia ni waangalifu kupita baadhi ya shule. Hata hivyo, timu pinzani nayo ina wazazi wake, na hao wanataka kujua ni nani mwingine, mbali na mama au baba, aliyeyaona madaftari ya kijana huyo.

Jimbo la Florida, ambalo lilifungua mlango mwaka 1996, ndilo linalotajwa zaidi katika mjadala huu kwa sababu ya Tim Tebow. Tebow, aliyezaliwa mwaka 1987 na kusomeshwa nyumbani na mama yake, alianza kucheza futiboli ya Kimarekani katika shule moja ya Kikristo mjini Jacksonville, kisha yeye na mama yake wakahamia nyumba ya kupanga katika kaunti ya jirani ya St. Johns ili aweze kuichezea shule ya Nease. Timu yake ilitwaa ubingwa wa jimbo mwaka 2005, na mwaka 2007, akiwa Chuo Kikuu cha Florida, alishinda tuzo ya Heisman, inayotolewa kwa mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Ndiyo maana miswada ya namna hii katika majimbo mengine huitwa sheria za Tebow, ingawa sheria iliyomnufaisha yeye ilipitishwa akiwa bado mtoto mdogo.

Wengi huikumbuka hadithi ya Tebow na kuyasahau masharti. Sheria ya Florida inamtaka mwanafunzi wa nyumbani aiarifu shule kwamba anakusudia kushiriki kabla hajaanza kucheza, atimize masharti ya makazi na nidhamu sawa na wenzake, kisha aonyeshe maendeleo ya kielimu kwa njia ambayo mzazi na mkuu wa shule wamekubaliana. Njia hizo ni kadhaa. Mwalimu mwenye leseni, aliyechaguliwa na mzazi, anaweza kuzikagua kazi za mtoto. Au mtoto akafanya mtihani sanifu na kuwekwa juu ya ngazi ya 35 kati ya 100 katika mpangilio wa kitaifa. Au zikaletwa alama za masomo aliyoyachukua kwa njia ya posta, katika chuo cha jamii au shule ya ufundi. Oregon nayo hutumia mtihani, na kiwango chake ni ngazi ya 23. Msomaji asiyezoea vipimo hivi anaweza kudhani kwamba 23 ni alama ya mtihani. Sivyo: maana yake ni kwamba mtoto amewapita takriban watoto 23 katika kila 100 wa kiwango chake, jambo ambalo kwa maoni yangu ni sharti jepesi, na nadhani lilikusudiwa kuwa jepesi.

Kuna kifungu kimoja cha Florida ninachokiona kuwa cha busara kuliko vingine vyote. Mwanafunzi aliyepoteza sifa ya kucheza kwa sababu ya alama mbaya shuleni hawezi kutolewa leo, akatangazwa kuwa anasomea nyumbani, na kesho akarudi uwanjani. Atakaa nje hadi akamilishe kwa mafanikio kipindi kimoja cha upimaji akiwa nyumbani. Bila kifungu hiki, elimu ya nyumbani ingekuwa kichaka cha kujifichia, na familia zinazoifanya kwa dhati zingebeba lawama ya wachache.

Suala la makazi halina maelezo mengi, ila ndilo linaloleta mabishano. Kwa kawaida mtoto huichezea shule ambayo angepangiwa kwa anwani ya nyumbani kwao, isipokuwa pale ambapo jimbo linaruhusu uchaguzi wa shule kwa wanafunzi wote. Pennsylvania, ambayo sheria yake ya mwaka 2005 ilianza kutumika Januari 2006, humrejesha mtoto kwenye wilaya anamoishi. Ni kanuni inayozuia makocha kukusanya vipaji kutoka kila upande kwa kisingizio kwamba mtoto hana shule.

Umri una ukomo pia. Texas, kwa mfano, inataka mchezaji awe hajatimiza miaka 19 ifikapo Septemba 1. Lakini wazazi hunaswa zaidi na hesabu ya miaka minne. Mashirikisho mengi ya michezo ya shule humpa mwanafunzi miaka minne mfululizo tangu anapoingia darasa la tisa, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, na saa hiyo ikishaanza kuhesabu haisimami. Nyumbani, anayeamua lini mtoto ameingia darasa la tisa ni mzazi. Akiandika kwenye karatasi kwamba binti yake ameanza darasa la tisa akiwa na miaka 13, kisha baadaye akaona ni vyema arudie mwaka, tayari mwaka mmoja wa kucheza umekwenda.

Majimbo mengine yamechukua njia tofauti. Texas ilipopitisha sheria yake mwaka 2021 iliiachia kila wilaya ya shule uamuzi wa kukubali au kukataa, hivyo majirani wawili waliotenganishwa na mpaka wa wilaya wangeweza kupata majibu mawili. Huko Virginia bunge lilipitisha mswada wa kuwaruhusu watoto hawa kucheza, na gavana akaukataa mwaka 2015, 2016 na 2017. Huko California shirikisho la michezo ya shule linadai uandikishaji, ingawa mwanafunzi anayesoma kwa kujitegemea chini ya usimamizi wa wilaya yenyewe anaweza kuhesabiwa kuwa ameandikishwa. Hapa jina la kisheria la masomo ya mtoto lina uzito kuliko mahali anaposomea. Huko Florida, mtoto aliyesajiliwa chini ya shule mwavuli, yaani shule binafsi inayowaandikisha watoto wanaosomea nyumbani, hata kama hajawahi kukanyaga jengo lolote la shule hiyo, kisheria ni mwanafunzi wa shule binafsi, na kanuni zinazomhusu ni nyingine.

Mwaka fulani mwezi Agosti alinijia mama mmoja na kijana wake mrefu wa miaka 16, aliyeshika viatu vya mpira mkononi. Alikuwa na kila kitu: cheti cha kuzaliwa, fomu ya uchunguzi wa afya yenye sahihi ya daktari, bima, hata bili ya umeme ya kuthibitisha anwani. Nilipomwomba jalada la masomo alinipa bahasha yenye karatasi nzuri sana, zote zimeandikwa kwa kalamu moja, mkono mmoja, na nadhani wiki moja. Alikuwa amemfundisha mtoto kweli. Ila kumbukumbu alizitengeneza baada ya kuombwa. Florida hutaka orodha ya shughuli na vitabu iandikwe kadiri masomo yanavyoendelea, pamoja na sampuli za kazi za mtoto, na jalada hilo litunzwe miaka miwili. Kijana yule aliukosa mchezo wa kwanza na wa pili, hadi mwalimu mwenye leseni alipokaa naye na kuandika tathmini.

Familia zinazoishi mahali ambapo mlango umefungwa huunda timu zao wenyewe, na zipo ligi za watoto wa nyumbani pekee, hasa za mpira wa kikapu. Ligi hizo zina kanuni zake za umri na za uthibitisho kwamba mtoto kweli anasomea nyumbani, wala si mwanafunzi wa shule aliyeazimwa kwa mashindano.

Kwa anayelenga kucheza chuoni, NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, haiangalii kama aliichezea shule ya umma au timu ya familia. Inaangalia masomo 16 ya msingi, yakiwemo manne ya Kiingereza na matatu ya hisabati kuanzia aljebra ya kwanza, kwa wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4 kwa vyuo vya daraja la kwanza la mashindano na 2.2 kwa vya daraja la pili. Alama za SAT na ACT, mitihani ya kuombea nafasi chuoni, ziliondolewa katika masharti hayo mwaka 2023. Kwa mwanafunzi wa nyumbani huongezwa uthibitisho kwamba masomo yake yalifuata sheria ya jimbo, na fomu ya kila somo inayouliza lilihusu nini, lilipimwa vipi, na kwa kitabu gani. Mzazi anayeandika jina la kitabu siku anapokifungua na mwanawe katika darasa la tisa hatalazimika kulitafuta kwenye maboksi ya darini miaka minne baadaye.