Neno "Tayari" na Siku 12 za Kris Bryant

Kazi yangu ni kusoma mikataba ya wachezaji wa besiboli na kuhesabu siku zao za utumishi, na katika miaka yote niliyoifanya sijaona neno linalozua ubishi mrefu miongoni mwa mashabiki kuliko neno "tayari". Chipukizi anapiga mipira vizuri katika ligi ndogo, timu kubwa inapoteza mechi, mashabiki wanauliza kwa nini hapandishwi, na uongozi wa klabu unajibu kwamba hajawa tayari. Hapo wengine huitetea klabu wakisema makocha wanaomwona kijana kila siku wanajua zaidi, na wengine hutoa takwimu zake kuthibitisha kwamba amekwisha kuiva. Ninawasikiliza wote kwa heshima, lakini mara nyingi naona kwamba wanabishana juu ya uwezo wa mchezaji ilhali uamuzi wenyewe ulifanywa kwa kuangalia kalenda.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji maelezo kidogo hapa. Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ina klabu 30 zilizogawanywa katika ligi mbili, na tangu mwaka 2021 kila klabu huwa na timu nne tanzu katika madaraja yanayopanda kutoka Single-A, High-A na Double-A hadi Triple-A, mbali na timu za mafunzo zilizo chini ya hayo. Katika soka mkataba wa kijana ukiisha huondoka, lakini katika besiboli klabu inayomsajili chipukizi hubaki na haki juu yake kwa muda mrefu sana, na saa ya kuelekea uhuru wake haianzi kuhesabiwa siku anapotia saini. Huanza siku anapoingia katika kikosi cha Ligi Kuu. Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, waliposajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, nilifurahi kama jirani yeyote wa Afrika Mashariki, lakini nilijua pia kwamba kwa kipimo hiki saa yao ilikuwa bado kwenye sifuri, na kwamba wangeweza kutumikia miaka mingi katika ligi ndogo bila saa hiyo kusogea hata siku moja.

Hesabu yenyewe ni hivi. Msimu wa Ligi Kuu huchukua siku zipatazo 180 na kitu, na mchezaji akikaa katika kikosi siku 172 huhesabiwa kuwa ametumikia mwaka mzima. Akitimiza miaka sita huwa mchezaji huru, yaani anaweza kujiuza kwa klabu yoyote. Katika miaka ya mwanzo, ambayo kwa wengi ni mitatu, hulipwa kiasi ambacho klabu yenyewe hukipanga, mradi kisiwe chini ya kima cha chini, ambacho mwaka 2015 kilikuwa dola 507,500. Baada ya hapo huingia katika usuluhishi wa mshahara, ambapo pande zote mbili hutaja kiasi na wasipoelewana wasuluhishi huchagua kimoja. Kwa hiyo mchezaji akikosa siku chache tu za mwanzo wa msimu wake wa kwanza, akamaliza na siku 171 badala ya 172, mwaka ule hauhesabiki kuwa mwaka kamili, na klabu hupata msimu wa saba wa kuwa naye kabla hajawa huru.

Nisisitize kwamba miaka hii sita haikushuka kutoka mbinguni. Kabla yake kulikuwa na kifungu kilichomfunga mchezaji kwa klabu yake maisha yote ya uchezaji. Curt Flood wa St. Louis Cardinals alikataa kuhamishiwa Philadelphia mwaka 1969, akaishtaki ligi, akashindwa katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1972, naye kwa hakika aliipoteza kazi yake kwa ajili ya jambo hilo. Kifungu kilivunjwa mwishoni mwa 1975 na msuluhishi katika shauri la warushaji Andy Messersmith na Dave McNally, na mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana juu ya miaka sita. Kwa hiyo anayepunguza siku za mchezaji kwa hila anachezea kitu kilichogharimu watu.

Sasa nije kwa Kris Bryant, kwa sababu hakuna kisa kinachoonyesha jambo hili wazi zaidi. Chicago Cubs walimchagua wa pili katika drafti ya mwaka 2013, yaani zoezi ambalo klabu huchagua chipukizi kwa zamu, akitoka Chuo Kikuu cha San Diego, wakampa bonasi ya kusaini ya dola milioni 6.7. Mwaka 2014, katika madaraja ya Double-A na Triple-A, alipiga homurani 43, yaani mara 43 aliupiga mpira ukavuka uzio, na wastani wake wa kupiga ulikuwa .325, yaani alifanikiwa mara 32 hivi katika kila majaribio 100. Katika mechi za maandalizi za Machi 2015 alipiga homurani 9, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote katika ligi nzima. Kisha akarudishwa Iowa, timu ya Triple-A ya Cubs. Klabu ilisema kwamba anahitaji kuboresha ulinzi wake katika kituo cha tatu, mojawapo ya vituo ambavyo mpigaji hukimbilia.

Aliitwa tarehe 17 Aprili 2015. Nilikuwa Wrigley Field, uwanja wa Cubs, siku hiyo, na nakumbuka jinsi watu walivyosimama kabla hata hajapiga mpira mmoja. Mara tatu katika mechi hiyo alitolewa kwa straiki, yaani kwa kushindwa kuupiga mpira, na hakupata hata pigo moja, na walioitetea klabu waliokaa karibu nami walisema, "Si mnaona?" Lakini timu ilikuwa imecheza mechi nane tu bila yeye, na hakuna kocha duniani anayemfundisha mtu ulinzi wa kituo cha tatu katika muda wa mechi nane. Msimu ule ulikuwa wa siku 183. Bryant alikosa 12 na kumaliza na 171, pungufu kwa siku moja tu. Alipewa tuzo ya chipukizi bora wa ligi yake kwa kura zote, na mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi na kuisaidia Cubs kutwaa taji la kwanza tangu 1908. Mpira wa mwisho wa fainali ile dhidi ya Cleveland aliuokota yeye mwenyewe na kumrushia Anthony Rizzo, kwa ulinzi uleule ulioambiwa kwamba haujakamilika.

Chama cha wachezaji kiliwasilisha lalamiko kwa niaba yake, na uamuzi ulitoka mapema mwaka 2020: msuluhishi aliona kwamba klabu haikuvunja mkataba. Mimi sishangazwi na uamuzi huo. Mkataba uliipa klabu haki ya kupanga kikosi chake, na nia ya mtu ni ngumu kuthibitisha mbele ya msuluhishi, hasa kwa kuwa mchezaji mwingine wa kituo cha tatu alikuwa ameumia siku zilezile na klabu ikaweza kusema ndiyo sababu ya kumwita Bryant. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kisheria klabu ilishinda, lakini mashabiki wanaotumia ushindi huo kama ushahidi kwamba Bryant hakuwa tayari wanauchanganya uhalali na ukweli.

Jambo ambalo mijadala mingi huliacha ni kuuliza klabu ilipata nini hasa. Kwa kawaida watu husema, "Walipata mwaka mzima wa nyota wao, nani asingefanya hivyo?" Tuuangalie mwaka huo basi. Bila zile siku 12, Bryant angekuwa huru baada ya msimu wa 2020. Kwa sababu ya siku hizo, alibaki Chicago mwaka 2021 kwa mshahara wa dola milioni 19.5, ambao si bei ya chini. Tarehe 30 Julai mwaka huo klabu ilimpeleka San Francisco Giants na kupewa chipukizi wawili, Alexander Canario na Caleb Kilian, ambao wote wawili walifika Ligi Kuu lakini hakuna aliyepata nafasi ya kudumu katika kikosi cha Cubs. Timu ilimaliza msimu ikiwa imeshinda mechi 71 na kupoteza 91. Hayo ndiyo mavuno ya hesabu iliyofanywa Aprili 2015. Na upande wa mchezaji nao hauna jibu rahisi, kwa maana msimu wa 2020 uliofupishwa na korona ulimwendea vibaya, wastani wake ukiwa .206, na huenda angeingia sokoni wakati mbaya kabisa. Aliposaini na Colorado Rockies mwaka 2022 alipata dola milioni 182 kwa miaka saba. Siwezi kusema kwamba alidhulumiwa fedha. Ninachosema ni kwamba klabu ilinunua kwa miaka sita ya kutoaminiana kitu ambacho mwishowe kilikuwa na thamani ndogo, na uongozi makini ungepaswa kuliweka hilo katika mizani.

Kuna kisa cha pili ambacho ni lazima nikitaje, kwa sababu kinaumiza upande wangu wa hoja. Februari 2021 rais wa Seattle Mariners, Kevin Mather, alisema mbele ya kikundi cha raia, katika mazungumzo yaliyorekodiwa, mambo ambayo viongozi hawayasemi hadharani: kwamba chipukizi Jarred Kelenic alipewa mkataba mrefu akaukataa, na kwamba klabu haikukusudia kuianza saa yake mapema. Mather alijiuzulu mwezi huohuo. Kelenic aliitwa Mei 13, na sisi tuliokuwa tumemtetea tulingoja kuona Seattle ikiaibika. Wastani wake mwaka ule ulikuwa .181. Alirudishwa Tacoma, timu ya Triple-A ya Seattle, mwezi Juni, akapiga vizuri huko, akapandishwa tena Julai, na mwisho wa 2023 akapelekwa Atlanta.

Kwa hiyo nia ya klabu inaweza kuwa mbaya na kijana akawa kweli hajaiva. Hayo ni maswali mawili, na shabiki anayetaka kuhukumu uongozi kwa haki anapaswa kuyatenganisha. Kwa swali la uwezo, naangalia kwanza umri wa mchezaji ukilinganishwa na wenzake wa daraja lile, kwa kuwa mwenye miaka 20 anayepiga .270 katika Double-A hunivutia kuliko mwenye miaka 25 anayepiga .320 palepale. Halafu naangalia ni mara ngapi anakosa mpira, maana mrushaji wa Ligi Kuu ataupata udhaifu huo ndani ya wiki mbili. Naangalia pia viwanja. Bryant alipokuwa Iowa mwaka 2014, ligi yake ilikuwa na miji ya mwinuko kama Albuquerque, Reno na Colorado Springs, ambako hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali zaidi, hivyo homurani za huko hupunguzwa kidogo katika hesabu yangu. Kwa Bryant hata baada ya kupunguza hakukuwa na shaka. Kwa swali la kalenda, kipimo ni kimoja: nahesabu siku zilizobaki katika msimu, na kama mchezaji anaitwa siku moja au mbili tu baada ya siku hizo kushuka chini ya 172, naacha kusikiliza maelezo kuhusu ulinzi wake.

Mkataba wa hali bora uliofikiwa Machi 2022, baada ya ligi kuwafungia wachezaji milango kwa siku 99, ulijaribu kulirekebisha hili. Wachezaji wawili wa kwanza katika kura za chipukizi bora wa kila ligi sasa hupewa mwaka mzima wa utumishi hata kama waliitwa kwa kuchelewa, kama ilivyokuwa kwa Adley Rutschman wa Baltimore aliyeitwa Mei 2022 na kushika nafasi ya pili. Na klabu inayompandisha chipukizi wa juu tangu siku ya kwanza hupewa nafasi ya ziada katika drafti endapo kijana huyo atashinda tuzo. Seattle ileile, mwaka mmoja tu baada ya Mather, ilimpanga Julio Rodríguez siku ya ufunguzi; alishinda tuzo, klabu ikapata nafasi ya ziada ya 29 katika drafti ya 2023, na kabla msimu haujaisha walikuwa wamekwisha kukubaliana mkataba mrefu. Naona ni marekebisho mazuri kwa nyota, lakini hayamgusi kabisa chipukizi wa kawaida, ambaye hatashinda tuzo yoyote na ambaye siku 12 kwake ni mshahara wa Ligi Kuu anaoukosa. Mkataba huo unaisha tarehe 1 Desemba 2026, na jambo hilo ndilo ningependa kuliona mezani.

Nasema hivi nikimfikiria Mike Olt. Ndiye aliyeanza kucheza kituo cha tatu cha Cubs Aprili 2015 wakati Bryant akiwa Iowa. Naye alikuwa chipukizi mkubwa wa Texas Rangers, hadi alipopigwa na mpira kichwani katika ligi ya majira ya baridi mwishoni mwa 2012 na kusumbuliwa na macho. Aliletwa Chicago mwaka 2013, akapata msimu mgumu uliofuata, na Aprili ile ilikuwa nafasi yake ya kuanza upya. Alipigwa na mpira tena, safari hii mkononi, akatoka, na Bryant akaingia. Septemba hakuwa tena mchezaji wa Cubs. Pale Wrigley, watu waliposimama kumshangilia Bryant, sikumsikia mtu hata mmoja akilitaja jina la Olt, na mimi pia sikulitaja.